Ahadi ya Kwamboka kwa Bi Earline

Nianze kwa kusema kwamba Kwamboka ana kichwa kigumu. Simsengenyi, mwenyewe anajua, na ukimwambia hivyo ataitika kama umemsifu. Tulijuana mwaka wa 1996 katika nyumba za kupanga za Sharpstown, huku kusini-magharibi mwa Houston, zile za ghorofa mbili zilizozunguka kidimbwi ambacho sijawahi kumwona mtu akiogelea ndani yake. Mimi nilikuwa nasomea uuguzi. Yeye alikuwa ametoka Kisii kuja kusoma katika Chuo cha Hebron, na wiki ya kwanza tu alinigongea mlango kuniambia redio yangu inampigia kelele. Tumekuwa marafiki tangu siku hiyo, na redio sijaipunguza.

Hebron si chuo kikubwa. Ni majengo ya matofali mekundu upande wa Third Ward, yaliyojengwa na kanisa la watu weusi enzi ambazo mtoto wa aliyekuwa mtumwa hakuwa na chuo kingine cha kumpokea. Mpaka leo wengi wanaosoma pale ni wajukuu na vitukuu wa watu hao. Kwamboka alifika uwanja wa ndege wa Houston mwezi wa nane akiwa amevaa sweta mbili, kwa sababu aliambiwa Amerika yote ni baridi, na hakukuta mtu wa kumpokea. Chuo kilikuwa kimesahau. Alikaa juu ya sanduku lake kutwa nzima, jasho likimtiririka, mpaka mama mmoja wa usafi alipomhurumia akakipigia chuo simu.

Jambo hilo lilimkaa rohoni. Kwao, na kwetu pia, mtu akitoka safari ya mbali ukoo mzima unakodi gari kwenda kumlaki, hata wale wasiompenda. Kwa hiyo alipomaliza masomo na Hebron ikamwajiri katika ofisi ya wanafunzi wa kigeni, jambo la kwanza alilofanya ni kuanza kwenda uwanjani mwenyewe. Ofisi hiyo ilikuwa stoo ya magodoro, na mle ndani yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi, karani na dereva. Wakenya, Wanaijeria, watoto wa Jamaika na wa Kongo, wote aliwalaki na chapati moto zilizofungwa kwenye foili. Mimi nilikuwa najua mwezi wa nane umefika nikisikia harufu ya mafuta ikitoka kwake tangu alfajiri.

Miaka ilivyokwenda, kitu kimoja kilianza kumkera. Aliniambia siku tulipokuwa tukikunja nguo kwenye chumba cha mashine za kufulia.

"Wanjiku, hawa wanafunzi wanakuja tu. Every year wanakuja. Mbona hakuna anayeenda?"

"Waende wapi, Mama Sheldon?"

"Kwetu! Vyuo vikubwa vya wazungu hapa vinatuma watoto Kenya kila summer. Wanarudi na bangili za shanga, wanaanza kutuexplainia sisi ni watu wa aina gani. Na hawa wa Hebron, ambao mababu wao walitolewa huko na minyororo, passport yenyewe hawajawahi kuiona."

Nilimwambia akunje mashuka aache ndoto. Sikujua nilikuwa namtia petroli. Alianzisha darasa la Kiswahili saa ya chakula cha mchana, bila kuomba ruhusa ya mtu, akafundisha salamu na nyimbo mpaka vijana wakawa wanaitikiana "sawa" kwenye korido. Alihudhuria mikutano ambayo hakualikwa. Aliambiwa wanafunzi wa Hebron wanafanya kazi mbili mbili, hawana muda wa kusafiri. Aliambiwa dunia imechafuka, asubiri. Alisubiri kama anavyosubiri yeye, yaani kila Jumatatu alikuwa mlangoni kwa mkuu wa chuo.

Mwaka wa 2004 mkuu wa chuo akakubali. Wanafunzi sita wangekwenda Kenya mwezi wa sita, wakae na familia Nairobi kisha Kisii, wasome na kufundisha shuleni. Lakini mkuu alimwonya bila kuzunguka. Kundi hili likipatwa na balaa lolote, alisema, wazazi wa Hebron hawatasahau, na yeye hataweza kuufungua mlango huo tena.

Wazazi wenyewe ndio waliokuwa kazi. Na katika wazazi wote hakuna aliyemtoa Kwamboka jasho kama Bi Earline Batiste. Alikuwa mpishi mstaafu wa shule, mama mnene wa kanisani, mwenye kofia moja kwa kila Jumapili ya mwezi. Alimlea mjukuu wake Latrice, mmoja wa wale sita, tangu hajaota meno. Mama yake Latrice, binti pekee wa Bi Earline, alipanda basi kwenda Los Angeles kutafuta kazi akasema atarudi Krismasi. Kilichorudi ni simu ya polisi. Tangu hapo Bi Earline hakumruhusu Latrice kulala nje ya nyumba hata usiku mmoja. Kwaya ya chuo ilipokwenda Dallas, mwendo wa asubuhi moja tu kwa gari, Latrice alibaki.

Kwamboka alianza kwenda kula kwa Bi Earline kila Jumapili. Walibishana juu ya mboga. Bi Earline huichemsha sukuma wiki kutwa nzima na bata mzinga wa kukaushwa moshini. Kwamboka alimwambia huko ni kuiua mara mbili. Walipendana kwa ugomvi huo. Siku moja walikwenda wote watatu dukani kununua bamia, na Kwamboka akaona kitu. Latrice alipolipa aliishika risiti juu, mbele ya kifua, akatembea nayo hivyo hivyo mpaka kwenye gari. Mkoba wake ulikuwa umefungwa zipu mpaka mwisho tangu walipoingia.

"Nilimfundisha akiwa mdogo," alisema Bi Earline alipoulizwa. Alisema kwa Kiingereza chake cha Third Ward, mimi namwekea Kiswahili. "Mkoba ufungwe, mikono ionekane, risiti mkononi. Katika mji huu mtoto wangu hajawahi kuingia duka akakosa jicho la kumfuata."

Kwamboka ndiye aliyenisimulia hilo. Mimi mwenyewe nina sare ya uuguzi na bado nimefuatwa, kwa hiyo nilielewa.

Jumapili ya mwisho kabla ya wazazi kutia sahihi fomu za ruhusa, Bi Earline alimkalisha Kwamboka mezani akamkazia macho.

"Ndege ikitua, nani atakuwa amesimama pale?"

"Shemeji yangu, Elphas. Ni mwalimu mkuu wa shule, ni mtu wa Mungu. Atakuwa na mke wake, dada yangu, na gari."

"Atamjuaje mtoto wangu?"

"Atamjua, Mama. Nakuahidi. Hatakaa pale hata dakika moja bila mtu wake."

"Basi siku hiyo nitakuja kwako," akasema Bi Earline. "Nitakaa nikiwa na kofia yangu kichwani. Sitaivua mpaka nisikie sauti yake."

Ndivyo ahadi ilivyotolewa, Bi Earline akatia sahihi, na Kwamboka alijipanga kama anayejiandaa kwa vita. Aliwashonea vijana fulana za zambarau iliyoiva, neno HEBRON kifuani kwa herufi za njano zinazoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. "Mtu akiwakosa na hizi ni kipofu," alisema. Alimwambia Elphas aandike HEBRON kwenye kadibodi, akasimame nayo mlangoni. Vijana nao aliwaambia wasizurure, wasimfuate mtu yeyote, wasubiri hapo hapo mpaka waione kadibodi.

Profesa aliyetakiwa kuwasindikiza alikuwa na harusi ya binti yake wikendi ile, angewafuata Jumanne. Kwa hiyo siku za kwanza zote zilikuwa mikononi mwa Kwamboka na shemeji yake.

Elphas naye hakulala. Alipiga simu kuuliza kama wageni wanakula ugali. Alipiga tena kusema amenunua konfleksi, kwa usalama. Wiki ya safari akapiga kuuliza kama wageni wataungua sana na jua.

"Waungue?" Kwamboka alicheka. "Shemeji, hawa ni watu wa Houston. Hilo jua lenu watalionea huruma tu."

Aliniambia baadaye, akiwa na furaha, "Unaona vile anawajali?" Nami nikaona vile anawajali. Hakuna kati yetu aliyejiuliza zaidi.

Jumapili yenyewe ilikuwa na joto la kuyeyusha lami. Ndege ilitarajiwa kutua Nairobi usiku wa mapema, yaani kwetu mchana wa ibada. Bi Earline aliondoka kanisani kwake kabla ya mahubiri kuisha, jambo ambalo sidhani Mungu alikuwa amewahi kuliona, akafika Sharpstown na kofia ya rangi ya maziwa yenye utepe na ua. Alikaa kwenye kochi, mkoba mapajani. Alikataa chai. Alikataa chapati. Sheldon, mtoto wa Kwamboka, tulikuwa tumempeleka kwa baba yake. Mimi nilikuwa nimetoka zamu, nikakaa kwa sababu niliona Kwamboka ameshindwa hata kuifungua kadi ya simu.

Siku hizo kupiga simu nyumbani kulikuwa ni kwa kadi. Unanunua dukani, unakwaruza, unabonyeza tarakimu ndefu, na mwanamke asiyekujua anakuambia una dakika ngapi za kuishi.

Simu ya kwanza ilikuwa ya shangwe. Nyuma ya sauti ya Elphas tulisikia wanawake wakiimba Kikisii. "Imetua, shemeji! Tuko mlangoni, akina mama wako tayari."

Kwamboka akamfasiria Bi Earline. Bi Earline akaitika kwa kichwa. Kofia ikabaki pale pale.

Baada ya muda Kwamboka akapiga tena. Safari hii hapakuwa na wimbo.

"Shemeji, kumetokea ka-mistake kadogo," alisema Elphas. "Tumelaki watu si wao. Kikundi cha wazee kutoka Uholanzi. Tumewaimbia, mama watoto amewavisha maua, wamecheza poa sana. Halafu basi la hoteli likakuja likawabeba."

"Na wangu?"

"Hao hawajatoka bado. Usijali."

Kwamboka alitabasamu kwa upande wa Bi Earline, tabasamu la kubandikwa, akakata simu. Alimwambia foleni ya pasipoti ni ndefu. Akaosha vikombe vilivyokuwa safi. Mara ya tatu alipopiga alikuwa amesimama, mgongo kwa kochi, akisema Kiswahili upesi upesi.

"Elphas, sema ukweli. Wako wapi?"

"Shemeji, ndege imeisha. Watu wote wameshatoka. Hata wale rubani na madada wa ndege nimewaona wakienda. Nimeuliza ndani, wanasema hakuna mtu amebaki."

"Umeangalia vizuri?"

"Ai, Kwamboka! Hawa nitawakosaje? Nimekaa macho hivi kwa mlango. Wageni wako hawakupanda hiyo ndege, ama kuna mtu amewachukua mbele yetu."

Tulikuwa tumewasindikiza vijana wale wenyewe, tumewaona wakiingia. Kama kuna mtu amewachukua, ni nani? Niliziona sura zote kwa pamoja: mkuu wa chuo akifunga mlango, wazazi watano wengine, na hapa karibu, kwenye kochi, mama ambaye alishawahi kupokea simu ya polisi. Niliogopa. Sina neno jingine.

Sauti ya Bi Earline ilitoka nyuma yetu, ya chini kabisa.

"Binti. Nimepika maisha yangu yote jikoni pamoja na Wamexico na Wavietnam na mwanamke mmoja mkorofi kutoka Beaumont. Sihitaji kujua lugha yako. Mtoto wangu yuko wapi?"

Kwamboka aligeuka. Angeweza kusema uongo mwingine; nilimwona akiutafuta, akauacha.

"Hawajaonekana, Mama," alisema. "Shemeji yangu amesimama pale na hajawaona."

Bi Earline hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili, akafumba macho, midomo ikawa inakwenda bila sauti. Ua la kofia lilikuwa likitikisika. Kwamboka akairudia simu kama mtu anayeshika kamba.

"Shemeji. Angalia tena. Nani yuko hapo? Nitajie kila mtu."

"Hakuna mtu. Ni watu wetu tu wamebaki. Kuna mzee amelala kwa kiti. Kuna madereva wa teksi. Kuna mama anapigana na watu wa mizigo kwa ofisi, sanduku lake limepotea. Kuna vijana wamekaa chini na mabegi, wanasubiri watu wao, wako hapo tangu saa ile."

"Vijana gani?"

"Vijana tu wa Nairobi. Wamevaa zile fulana za mitumba."

Mimi nilikuwa nimeegemeza sikio karibu na la Kwamboka.

"Rangi gani, Elphas?"

"Ya zambarau. Lakini hao si wa kwako. Msichana mmoja hata ana mtoto mchanga amembeba."

"Mtoto mchanga?" aliuliza Kwamboka. Katika sita wake hakuna aliyekuwa na mtoto. "Elphas, nenda usome hiyo fulana imeandikwa nini."

"Shemeji, nitamsomaje msichana wa watu kifuani..."

"Elphas, nenda!"

Hapo hapo yule mwanamke asiyetujua akatuambia dakika zetu zimekwisha, na simu ikakatika.

Sitaki kukumbuka vizuri dakika zilizofuata. Nilimwaga mkoba wangu wote kwenye zulia nikitafuta kadi yangu. Nikaipata. Nikaikwaruza kwa hereni, nikakwaruza kwa nguvu mno tarakimu moja ikafutika, tukaikisia, tukakosea, tukaikisia tena. Kwamboka alikuwa akinitukana kwa Kikisii, lugha ambayo hanitukani kwayo ila akinipenda sana. Bi Earline alikuwa amefumbua macho, anatutazama.

Simu ikaita. Elphas akapokea, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kwamboka," alisema polepole. "Imeandikwa Hebron."

"Ndio hao! Elphas, ndio hao!"

"Hawa? Lakini hawa ni watu wetu."

"Ndio, shemeji," alisema Kwamboka, na hapo ndipo alipokaa sakafuni katikati ya takataka za mkoba wangu. "Ndio. Ni watu wetu."

Mambo yakafunuka yote. Elphas alikuwa ameambiwa wanakuja wageni kutoka Amerika, wanafunzi wa chuo, wenye majina kama Batiste na Fontenot, na kichwani mwake wakawa wazungu. Kwamboka hakuwahi kumwambia vinginevyo. Alikuwa ameishi Hebron miaka mingi kiasi kwamba hakukumbuka kuna mtu duniani asiyejua Hebron ni ya watu weusi. Kadibodi Elphas hakuiandika. Aliona ni kazi bure, kwani mzungu uwanjani Nairobi anahitaji kuandikiwa? Na zile fulana ambazo mtu angezikosa awe kipofu, zilikuwa zimepotelea mahali pekee duniani ambapo zingeweza kupotea, katika mji ambao nusu ya vijana wake wanavaa fulana za vyuo vya Amerika kutoka kwenye marobota ya mitumba ya soko la Gikomba. Vijana nao walikuwa watiifu. Waliambiwa wasubiri kadibodi, wakaisubiri, hatua chache kutoka kwa mtu aliyekuwa akiwatafuta.

Sasa kulikuwa na kazi ya kumwambia Bi Earline. Kwamboka aliinuka akasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja kikombe. Nilijua kinachomchoma. Unamwambiaje mwanamke mweusi wa nchi hii kwamba shemeji yako, aliposikia neno Amerika, alikaa kusubiri wazungu, na mjukuu wake akampita kwa macho? Kwamboka alimwambia hivyo hivyo, bila kupaka rangi.

Bi Earline alisikiliza mpaka mwisho.

"Wako salama?"

"Wako salama wote, Mama. Nisamehe."

"Alimwona," alisema Bi Earline, akirudia kwa utaratibu. "Huyo shemeji yako. Alimtazama Latrice."

"Alimtazama, Mama."

"Na akadhani ni wa hapo."

"Ndiyo."

Bi Earline aliunyosha mkono. Kwamboka alibonyeza kitufe cha spika akaiweka simu kwenye kiganja chake.

"Granny?" Sauti ya Latrice ilikuja na mwangwi, ikiwa na usingizi na kicheko. "Granny, niko sawa. Tungewatafuta hao watu wenyewe, lakini nisingeweza kuondoka. Nina mtoto wa mtu."

"Mtoto wa nani?"

"Sijui. Kuna mama alikuja moja kwa moja kwangu, akasema maneno mengi, nikashika neno mtoto tu. Nikasema sawa, kwa sababu sawa ndilo ninalolijua vizuri. Akanipa. Akaenda kutafuta sanduku lake. Wenzangu wakakataa kuniacha peke yangu."

"Hakukuuliza jina?"

"Hapana."

"Hakukuuliza unatoka wapi?"

"Hapana, Granny. Aliniachia na mkoba wake pia."

Mashine ya baridi ilikuwa ikinguruma dirishani. Bi Earline aliutazama mkoba wake mwenyewe, uliokuwa mapajani.

"Mkoba wake," alisema. "Umefungwa?"

"Zipu imeharibika. Uko wazi tu hapa miguuni kwangu."

Bi Earline aliweka mkono mdomoni. Machozi yalimshuka mpaka kwenye pete zake, wala hakuyafuta. Kutoka Nairobi tulimsikia Elphas akiomba msamaha kwa kila fulana ya zambarau, moja baada ya nyingine, na dada yake Kwamboka akianza kuimba upya, peke yake, kwa sababu wimbo wa wazee wa Uholanzi aliona hauhesabiki.

"Mwambie huyo bwana aache kuomba msamaha," alisema Bi Earline hatimaye. Kisha akaisogeza simu karibu na mdomo. "Latrice. Huyo mtoto analia?"

"Hapana, Granny. Amelala."

"Amelala," alisema Bi Earline.

Akainua mikono yote miwili, akachomoa pini moja, akachomoa nyingine, akaivua kofia yake na kuiweka juu ya televisheni. Nywele zake zilikuwa za mvi na zimelala upande mmoja. Akauliza kama ile mikate yetu ya bapa bado ina moto. Kwamboka alikwenda kuwasha jiko akilia waziwazi, yeye asiyelia, na mimi nikamfuata kumsaidia kusukuma chapati.